Kujitoa, Halafu Kwenda Wapi?

Tarehe 23 Juni 2016 wapiga kura wa Uingereza walipewa karatasi yenye swali moja na visanduku viwili: nchi yao ibaki ndani ya Umoja wa Ulaya, au ijitoe. Waliotaka kujitoa walikuwa 17,410,742, sawa na asilimia 51.9, na waliotaka kubaki walikuwa 16,141,241, sawa na asilimia 48.1. Tangu siku ile nimesikia hapa Uganda maelezo mengi kuhusu chanzo cha mgawanyiko wao, na karibu yote ni ya aina moja: kwamba wazee walipingana na vijana, watu wa miji midogo wakapingana na watu wa London, wasiopenda wageni wakapingana na wanaowapenda. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, ila hayanitoshelezi. Naamini kwamba mgawanyiko ule, na hasa uchungu wake uliodumu miaka mingi baada ya kura kuhesabiwa, ulitokana kwa sehemu kubwa na swali lenyewe, ambalo liliwauliza watu kama wanataka kutoka pasipo kuwauliza wanataka kwenda wapi. Naandika haya nikiwa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, mahali ambapo maswali yanayoachwa bila majibu katika miji mikuu huja kujibiwa na dereva aliyezuiwa na lori lake, na mama aliyekalia gunia lake akisubiri kuruhusiwa kuvuka.

Hesabu ya jumla ilifunika mambo mengi. England ilichagua kujitoa kwa asilimia 53.4 na Wales kwa asilimia 52.5, lakini Uskoti ilichagua kubaki kwa asilimia 62, na Ireland Kaskazini vilevile kwa asilimia 55.8. Kwa hiyo dola moja yenye nchi nne ndani yake iliamka asubuhi ya tarehe 24 Juni na kukuta kwamba nchi mbili zinazitoa nyingine mbili mahali ambapo hazikutaka kutoka. Waskoti walikuwa na sababu ya ziada ya kukasirika, kwa kuwa mwaka 2014, walipopiga kura kuhusu kujitenga na Uingereza, mojawapo ya hoja walizopewa ili wasiondoke ilikuwa kwamba kubaki ndani ya Uingereza ndiyo njia ya uhakika ya kubaki ndani ya Ulaya. Walibaki, na baada ya miaka miwili kura ikaamua watolewe Ulaya. Tena kampeni yenyewe ilimwaga damu. Wiki moja kabla ya kura, tarehe 16 Juni, mbunge Jo Cox, mama wa watoto wawili aliyekuwa akitetea kubaki, aliuawa barabarani katika jimbo lake na mtu aliyemchukia kwa misimamo yake.

Nina binamu anayeishi Leicester, mji ambao wengi hapa kwetu wanaufahamu kwa sababu familia nyingi za Kihindi zilizofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 zilikwenda kuanza maisha upya huko. Sheria ya kura ile iliwaruhusu raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali kushiriki, kwa hiyo Mganda mwenye kibali aliweza kupiga kura, wakati Mpolandi au Mfaransa aliyezeekea huko na kulipa kodi huko hakuruhusiwa kuamua juu ya hatima yake mwenyewe. Binamu yangu alichagua kujitoa. Mkewe, ambaye ni muuguzi, alichagua kubaki. Siku zile walikuwa wakinitumia ujumbe wa sauti kwa zamu, kila mmoja akitaka nimuunge mkono, na baadhi ya maneno yao nimeyahifadhi.

“Kaka,” alisema binamu, “mama aliomba viza aje kwenye harusi ya mwanawe, akanyimwa. Jirani yangu hapa, mama yake anapanda basi kwao Poland, anashuka mlangoni bila kuulizwa na mtu. Hiyo unaiitaje?”

Mkewe alijibu usiku uleule: “Shemeji, mwambie ndugu yako kwamba wakimfungia mlango yule mama wa Kipolandi, hawatamfungulia shangazi yako.”

Sikumlaumu binamu wakati ule na simlaumu sasa. Malalamiko yake yalikuwa ya haki, na Waingereza wengi wenye asili ya Asia, Karibi na Afrika walikuwa nayo. Priti Patel, ambaye wazazi wake walitoka Uganda, alikuwa miongoni mwa mawaziri waliosimama mstari wa mbele kutetea kujitoa. Lakini tazameni nani mwingine alikuwa ndani ya kisanduku kilekile alichotia alama binamu yangu. Alikuwamo mtu wa pwani ya mashariki ya England aliyetaka wageni wapungue, wa Ulaya na wa Afrika pia. Alikuwamo mfanyabiashara aliyetaka nchi ifungue milango zaidi kwa dunia nzima na kupunguza kanuni za kazi. Alikuwamo mvuvi aliyetaka bahari yake arudishiwe, na mfanyakazi wa mji uliopoteza viwanda ambaye hakuwa na ugomvi wowote na Ulaya bali na serikali iliyomsahau, na alitaka siku moja asikike. Alikuwamo pia mtu aliyesoma maandishi ya basi lile jekundu, yaliyodai kwamba pauni milioni 350 hupelekwa Ulaya kila wiki na kwamba afadhali fedha hizo ziende kwenye huduma ya afya. Kiasi hicho hakikuwa sahihi, kwa kuwa Uingereza ilikuwa ikirudishiwa sehemu yake kabla hata ya malipo, lakini haja ya yule mtu ya kutibiwa vizuri ilikuwa ya kweli kabisa. Watu hawa wote walihesabiwa kuwa upande mmoja, na wakatangazwa washindi wa jambo moja.

Ndiyo maana nasema kwamba washindi wenyewe walikuwa wamegawanyika kabla hawajasherehekea. Waziri Mkuu David Cameron, aliyeahidi kura ile mwezi Januari 2013 akitarajia kwamba ingetuliza ugomvi ndani ya chama chake, alitangaza kujiuzulu asubuhi ya matokeo. Theresa May akarithi amri ya wananchi ambayo hakuna aliyeweza kumwambia maana yake. Je, nchi itoke lakini ibaki katika soko la pamoja, ambamo watu na bidhaa hupita kwa uhuru, kama Norway? Itoke sokoni lakini ibaki katika umoja wa forodha, ambamo nchi zote hutoza ushuru mmoja kwa bidhaa za nje? Au itoke kila mahali? Tarehe 29 Machi 2017 alipeleka rasmi taarifa ya kujitoa chini ya Ibara ya 50 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya, na saa ya miaka miwili ikaanza kuhesabu kabla serikali yake haijakubaliana yenyewe kwa yenyewe. Makubaliano aliyoyapata yalikataliwa na Bunge tarehe 15 Januari 2019 kwa kura 432 dhidi ya 202, na miongoni mwa waliomwangusha walikuwamo wabunge wengi wa chama chake mwenyewe, waliotaka kujitoa kikamilifu kuliko yeye.

Kuna siku moja katika historia hii ambayo naiona kuwa nzito kuliko siku ya kura. Tarehe 27 Machi 2019 wabunge waliamua kupima wenyewe ni njia ipi ingeungwa mkono na wengi. Waliwekewa njia nane mezani, zikiwamo kubaki katika umoja wa forodha, kutoka bila makubaliano yoyote, kuwarudia wananchi kwa kura ya pili, na hata kufuta safari nzima. Zote nane zilishindwa. Karibu miaka mitatu baada ya wananchi kuulizwa swali lenye majibu mawili, Bunge liligundua kwamba majibu yalikuwa angalau manane, na kwamba hakuna hata moja lililokuwa na wengi nyuma yake. Mambo yaliyofuata yalikuwa matunda ya siku hiyo: Boris Johnson, aliyemrithi May, kulisimamisha Bunge, Mahakama ya Juu kutamka kwa kauli moja tarehe 24 Septemba 2019 kwamba kulisimamisha kulikuwa kinyume cha sheria, uchaguzi wa Desemba ambao Johnson aliushinda kwa kuahidi kulimaliza jambo hili, na hatimaye kutoka rasmi tarehe 31 Januari 2020.

Uganda imewahi kupiga kura ya namna hii, na inanishangaza kwamba tunaizungumza mara chache sana tunapojadili Brexit, yaani huku kujitoa kwa Uingereza. Mwezi Novemba 1964 wakazi wa Buyaga na Bugangaizi, maeneo ambayo Waingereza waliyakata kutoka Bunyoro na kuipa Buganda, waliulizwa wanataka kuwa wapi. Walipewa chaguo tatu: wabaki Buganda, warudi Bunyoro, au wawe wilaya inayojitegemea. Walichagua Bunyoro kwa wingi mkubwa. Sisemi kwamba kura ile ilileta amani, kwa kuwa ilichangia kuvunja uhusiano kati ya Waziri Mkuu Milton Obote na Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, ambaye wakati huohuo alikuwa Rais wa nchi, na mwaka 1966 sote tunajua jeshi lilikwenda wapi: kwenye kasri la Kabaka. Hata swali la nani apige kura lilileta mvutano mkali, kwa sababu Mengo, yaani serikali ya Buganda, ilikuwa imepeleka wanajeshi wastaafu kuishi Ndaiga, katika maeneo hayo, ili idadi ya watu wa Buganda iongezeke, na serikali kuu ikaamua kwamba watakaopiga kura ni wale tu waliokuwa katika daftari la 1962. Lakini baada ya kura ile hakuna aliyehitaji kukaa miaka mitatu akijiuliza wananchi walimaanisha nini. Mtu wa Buyaga aliyeikataa Buganda alikuwa amesema pia anakokwenda, na jina la anakokwenda lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi.

Mahali ambapo swali la Waingereza lilivunjika vibaya zaidi ni mpaka wa Ireland. Mpaka huo una urefu wa takriban kilomita 500 na zaidi ya njia 200 za kuvukia, nyingine zikipita katikati ya mashamba ya watu. Wakati wa machafuko ya Ireland Kaskazini, yaliyoua zaidi ya watu 3,500, mpaka huo ulikuwa na vizuizi vya jeshi, minara ya ulinzi, na barabara ndogo zilizochimbwa ili zisipitike. Ukaguzi wa forodha uliondoka mwaka 1993 soko la pamoja la Ulaya lilipoanza, na vizuizi vya jeshi viliondolewa baada ya makubaliano ya amani ya 1998. Watu wakazoea kuishi upande mmoja na kufanya kazi upande mwingine. Sasa basi: Uingereza ikitoka katika soko la pamoja na umoja wa forodha, Jamhuri ya Ireland ikabaki, lazima bidhaa zikaguliwe mahali fulani. Zikikaguliwa nchi kavu, mpaka uliogharimu maisha ya watu unarudi. Zikikaguliwa baharini, Ireland Kaskazini inatengwa na sehemu nyingine za nchi yake. Njia ya tatu ilikuwa kubaki ndani ya zile taratibu ambazo watu waliambiwa wanatoka.

Katika kampeni ya 2016 jambo hili lilitajwa kwa nadra sana kule England. Mwishowe Johnson alichagua bahari, na bidhaa zinazotoka Uingereza bara kwenda Belfast zikaanza kuhitaji hati na ukaguzi ndani ya nchi ileile. Waprotestanti wanaojihesabu kuwa Waingereza waliona wamesalitiwa. Chama chao kikubwa kilijitoa katika serikali ya Ireland Kaskazini mwezi Februari 2022, na serikali hiyo haikurudi hadi Februari 2024. Shailesh Vara, aliyezaliwa Uganda, alikuwa naibu waziri wa Ireland Kaskazini mwaka 2018 alipojiuzulu kwa kuyapinga makubaliano ya May, akisema yanaiacha Uingereza katikati ya njia. Yeye mwenyewe alikuwa amepigia kura kubaki. Hivyo ndivyo swali lile lilivyovuruga hata mistari liliyoichora.

Mtu wa Busia anaposoma habari za mpaka wa Ireland hahitaji kufafanuliwa. Wasamia wako pande zote mbili hapa, na ukoo mmoja una makaburi Kenya na mashamba Uganda. Mji una jina moja kwa nchi zote mbili. Mwezi Februari 2018 Rais Museveni na Rais Uhuru Kenyatta walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo lori husimama mara moja tu, upande linakoingia, na maofisa wa nchi zote mbili hukaa katika ukumbi mmoja. Kabla ya hapo dereva alipanga foleni mara mbili, akagongewa mihuri mara mbili, na siku mbaya alilala kwenye lori lake usiku kucha. Sehemu ya fedha za kujenga kituo hiki ilitoka katika msaada wa serikali ya Uingereza. Nawashukuru kwa hilo, na naona uzito wa jambo hilo: katika miaka ileile ambayo walipa kodi wa Uingereza walikuwa wakisaidia kuondoa vizuizi kati ya Busia na Busia, wabunge wao walikuwa wakitafuta mahali pa kuviweka vya kwao.

Baada ya kipindi cha mpito kwisha tarehe 31 Desemba 2020, madereva wa malori ya mizigo waliokuwa wakielekea bandari za Kent walihitaji kwa miezi kadhaa kibali cha kuingia tu katika jimbo hilo la nchi yao wenyewe. Wauzaji wa chaza na kome, kutoka katika jamii za pwani zilizounga mkono kujitoa kwa nguvu, waligundua mwanzoni mwa 2021 kwamba mazao yao mengi yaliyo hai hayaruhusiwi tena kuingia Ulaya, kwa sababu nchi iliyo nje ya umoja haina ruhusa waliyokuwa nayo walipokuwa ndani. Na kuhusu wageni, wale wa kutoka Ulaya walipungua, lakini wa kutoka kwingineko waliongezeka hadi tofauti kati ya walioingia na waliotoka ikapita watu laki tisa kwa mwaka mmoja. Aliyepiga kura ili wapungue hakupata alichokitaka. Binamu yangu, aliyepiga kura ili Mwafrika atendewe sawa na Mzungu mgeni, naye hakukipata, kwa sababu waliofunguliwa mlango ni wafanyakazi wanaohitajika, na shangazi, mzee wa kwenda kumbeba mjukuu wake, hadi leo hajafika Leicester.

Uamuzi wa Waingereza ulitufikia na sisi, na ukatugawa. Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa karibu kutia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya. Wiki chache baada ya kura Tanzania ilirudi nyuma, na mojawapo ya sababu ilizotoa ni kwamba Uingereza inaondoka. Kenya na Rwanda zilitia saini mwezi Septemba. Uganda ilitaka Jumuiya iende pamoja, nayo haikusaini. Kenya ndiyo iliyokuwa na hofu kubwa zaidi, kwa kuwa peke yake kati yetu haikuhesabiwa katika nchi maskini zaidi zinazouza Ulaya bila ushuru, na maua yake yangetozwa. Hatimaye ilifanya mkataba wake na Uingereza mwezi Desemba 2020, na wake na Ulaya ukaanza kutumika Julai 2024. Nchi moja ya mbali ilitoka katika umoja wake, na sisi tulioahidiana kujadiliana na dunia kwa sauti moja tukaenda kila mmoja na kalamu yake.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua hasa. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa madai ya sumukuvu. Malori yalijipanga hapa hadi mtu wa bodaboda akakosa pa kupita, na mahindi yaliyokuwa makavu yakanyeshewa. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, likawekewa masharti mapya. Wafugaji wetu wa kuku na wauzaji wa maziwa nao wamewahi kuzuiwa. Kule Katuna, mpaka na Rwanda ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa tena hadi tarehe 31 Januari 2022, na familia zilizokuwa zikioana ng’ambo na ng’ambo zikazikana kwa simu. Kila jambo la namna hii linapotokea, nasikia sokoni, redioni na hata misikitini baada ya sala watu wazima wenye akili wakisema: kama Jumuiya ndiyo hii, tujitoe. Hasira yao ni halali. Jumuiya inayoahidi soko la pamoja halafu ikaruhusu afisa mmoja kufunga mpaka kwa barua ya asubuhi haijatimiza ahadi yake. Lakini neno “tujitoe” lina kasoro ileile niliyoiona katika karatasi ya Waingereza, na kwa nchi isiyo na bahari kasoro hiyo ni ya hatari zaidi, kwa sababu Uingereza ilipotoka ilibaki na bandari zake. Sisi tungebaki na nini? Mombasa ingekuwa palepale, na barabara ya kwenda Mombasa ingeendelea kupita hapa Busia na pale Malaba.

Tena sisi tumekwisha kuona umoja ukifa. Jumuiya ya kwanza, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Kampala mwezi Juni 1967 na Obote, Jomo Kenyatta na Julius Nyerere, ilivunjika mwaka 1977. Wananchi hawakuulizwa. Kenya ililaumiwa kwa kunufaika kuliko wenzake, Tanzania na Kenya zikafuata siasa za uchumi zisizolingana, na baada ya mapinduzi ya Januari 1971 Nyerere alikataa kukaa meza moja na Amin, hivyo chombo cha juu cha marais watatu kikaacha kukutana. Baba yangu mkubwa alikuwa karani wa reli Tororo. Alituhadithia kwamba shirika lilikufa bila tangazo: vipuri viliacha kuja, kisha mabehewa yaliyokuwa Nairobi hayakurudi, kisha mshahara ukaanza kutoka kwa mwajiri mwingine mwenye jina jipya. Iliwachukua miaka saba, hadi Mei 1984, nchi tatu kukubaliana Arusha jinsi ya kugawana mali na madeni, chini ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht. Mafao ya wafanyakazi yaliendelea kudaiwa muda mrefu baada ya hapo, na baba mkubwa alikuwa na bahasha ya kaki yenye stakabadhi za michango yake ambayo hakuruhusu mtu aihamishe. Vilivyonusurika ni vichache, na Uganda ilibahatika kuwa navyo: Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki na Baraza la Vyuo Vikuu yako Kampala, na chuo cha urubani kiko Soroti.

Mkataba wa sasa, uliotiwa saini tarehe 30 Novemba 1999, umejifunza kidogo kutokana na hayo. Ibara ya 145 inaruhusu nchi kujitoa, kwa masharti kwamba Bunge lake lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, na miezi kumi na miwili ipite tangu Katibu Mkuu apewe taarifa. Naiona theluthi mbili kuwa kinga bora kuliko asilimia 51.9, kwa sababu inawalazimu wanaotaka kuondoka kuwashawishi baadhi ya wasiotaka. Hata hivyo nisiisifu kupita kiasi. Sisi Waganda tunajua kwamba theluthi mbili hupatikana serikali inapoitaka: ilipatikana Desemba 2017, kwa kura 317 dhidi ya 97, kuondoa ukomo wa umri wa rais, na vurugu za ukumbini tulizitazama kwenye televisheni. Na Ibara hiyo, kama ile ya 50 ya Ulaya, inasema jinsi ya kutoka tu. Haimdai mbunge aseme nchi itauza wapi, kwa ushuru gani, na kwa hati zipi.

Baadhi ya marafiki zangu huniambia kwamba kwa kusema hivi ninawanyima wananchi haki ya kuamua. Hapana. Ninawaheshimu waliochagua kujitoa Uingereza, na nimesoma vya kutosha kujua kwamba wengi wao walichoka kutawaliwa kwa kanuni zilizotungwa mbali na watu wasioweza kuwaondoa kwa kura. Hiyo ni hoja nzito, na Mwafrika wa Mashariki anayeona maamuzi ya Jumuiya kule Arusha yakipita juu ya kichwa chake anapaswa kuielewa. Nadai kitu kimoja tu, kwamba mwenye kuleta hoja ya kuondoka aje nayo ikiwa kamili, kama mtu wa Buyaga alivyopewa. Chama cha Labour, kilichoingia madarakani Julai 2024 chini ya Keir Starmer, kilisema hakitarudi katika soko la pamoja wala katika umoja wa forodha, huku kikijadiliana na Ulaya kipande kwa kipande ili kupunguza ukaguzi wa vyakula. Miaka mingi baada ya kura, bado wanajadili kule walikokwenda.

Hapa Busia kuna akina mama wanaovuka kila siku na mukene (dagaa), maharagwe na trei za mayai. Bidhaa zao zisipozidi thamani ya dola 2,000, wanatumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa, karatasi moja inayogongwa muhuri papo hapo na kuwaondolea ushuru wa forodha na gharama ya wakala. Wasio nacho hupita njia za panya, ambako hunyang’anywa mizigo na kutendewa mambo ambayo hawayasemi hadharani. Cheti hicho kipo kwa sababu Jumuiya ipo. Mbunge yeyote atakayesimama Kampala kudai Uganda ijitoe, nataka kabla hajahesabiwa kura aje hapa kituoni saa kumi na mbili asubuhi, wanapofika na mabeseni yao, awasomee akina mama hao karatasi itakayochukua nafasi ya ile, aseme nani ataigonga muhuri na watalipa shilingi ngapi.